Kisomo cha Watoto wa Shule za Msingi na Wajibu wa Vyama vya Ushirika

Chama cha ushirika huendeshwa kwa maandishi. Kahawa ikipimwa, mwanachama hupewa stakabadhi. Mkutano ukifanyika, huandikwa muhtasari. Hesabu zikikaguliwa, taarifa husomwa mbele ya wanachama. Mwanachama asiyejua kusoma hupokea yote hayo kwa imani tu. Hawezi kulinganisha kilo zilizoandikwa na kilo alizoziona katika mzani, wala hawezi kuuliza swali juu ya taarifa asiyoweza kuifuata. Chama chenye wanachama wengi wa namna hiyo huwa mali ya wachache wanaojua kusoma, hata kama daftari la wanachama limejaa majina.

Watoto walio darasa la pili na la tatu leo ndio watakaorithi hisa na vihamba. Kati yao wapo wanaokwenda shule kila siku, wakiwa na sare na madaftari, na bado hawajui kusoma. Watoto hao hawapigi kelele. Hupandishwa darasa hadi darasa mpaka siku ambayo mtihani huwafichua, na wakati huo msaada huwa umechelewa. Makala haya yanaeleza jinsi watu wa kujitolea wanavyoweza kuwasaidia, na mambo ambayo chama cha msingi hakina budi kuyaangalia kabla ya kuanza.

USHIRIKA NA ELIMU

Kazi hii si ngeni katika ushirika. Waanzilishi wa Rochdale nchini Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, hawakuishia kuuza unga na siagi. Katika miaka ya 1850 walikubaliana kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu, na walikuwa na chumba cha kusomea. Misingi ya ushirika iliyothibitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995 ni saba. Msingi wa tano ni elimu, mafunzo na taarifa. Wa saba ni kujali jamii. Kumsaidia mtoto wa kijijini kujua kusoma kunatimiza misingi yote miwili.

Katika miteremko ya Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na Chama Kikuu cha KNCU kikaandikishwa mwaka 1933. Tangu enzi hizo fedha za kahawa zilisaidia shule na masomo ya vijana. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mjini Moshi mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Hata hivyo, elimu yote hiyo ya juu husimama juu ya jambo moja dogo, nalo ni mtoto kutambua kwamba alama iliyo mbele yake ina sauti yake.

FUNZO LA KAMPENI YA WATU WAZIMA

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata, Wilaya ya Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kutangulia katika kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Majaribio ya taifa ya mwaka 1975 yalionyesha kwamba wamebaki 39, na yale ya mwaka 1986 yalionyesha kwamba wamebaki chini ya 10.

Kazi hiyo haikufanywa na walimu wa shule peke yao. Ilifanywa kwa sehemu kubwa na walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza elimu ya msingi, ambao walipewa bahashishi ya shilingi 30 kwa mwezi. Walipewa vitabu vya kwanza vilivyotungwa juu ya kazi ambazo wanakisomo walizifanya kila siku, kama vile kilimo cha pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Kwa hiyo lipo jambo la kwanza la kujifunza: mtu wa kawaida aliyesoma aweza kumfundisha mwingine kusoma, iwapo amepewa kitabu kinachofaa, mafunzo mafupi na mtu wa kumsimamia.

Jambo la pili ni la kuonya. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawakujua kusoma na kuandika. Madarasa ya watu wazima yalikuwa yamepungua, na watoto waliokosa kusoma walikuwa wamekua na kuwa watu wazima. Kisomo si kazi ya kampeni moja. Kila kizazi huanza upya na herufi ya kwanza.

KWA NINI MTOTO WA SHULE HAJUI KUSOMA

Taifa limefungua milango ya shule mara kadhaa. Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza mwaka 1977. Ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudishwa baadaye, ilifutwa mwaka 2001. Na mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Kila mara watoto walijaa madarasani kwa wingi kuliko walimu. Mwalimu mwenye watoto wengi mno hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Husikiliza darasa likiitikia kwa pamoja, na katika sauti ya wengi, kimya cha mmoja hakisikiki.

Kuanzia mwaka 2010, mpango wa Uwezo uliwatumia watu wa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba nchini Tanzania, wakiwapima watoto wenye umri wa miaka 7 hadi 16 kwa jaribio la kiwango cha darasa la pili. Katika miaka hiyo ya mwanzo ilionekana kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyofanya vizuri kuliko mingine, lakini wastani mzuri wa mkoa haumfundishi mtoto aliye chini ya wastani huo. Serikali nayo ilichukua hatua: mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na darasa la pili likawekewa upimaji wa taifa wa stadi hizo.

Mtoto asiyejua kusoma ana mbinu zake. Hukariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzake, akausoma huku kidole chake kikiwa mstari mwingine. Huitazama picha ya mpira akasema, "Juma anacheza mpira," ilhali maandishi yanasema jambo jingine. Huimba ma, me, mi, mo, mu bila kosa, lakini akionyeshwa "mo" peke yake hunyamaza. Kwa sababu hiyo mzazi asiridhike kwa kusikia tu sauti ya mtoto akiwa ameshika kitabu.

KUPIMA KWANZA

Hakuna katibu anayeandika kilo kabla ya kuweka gunia katika mzani. Hali kadhalika, mtu wa kujitolea asianze kufundisha kabla ya kumpima mtoto. Kipimo hakihitaji gharama. Karatasi moja yatosha, iwe na sehemu nne: silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi yenye maswali mawili. Maandishi yawe mapya, wala yasitolewe katika kitabu ambacho mtoto amekwisha kukariri. Aya yaweza kuwa kama hii:

"Asubuhi mama alikwenda shambani. Alichuma kahawa nyekundu. Mbuzi wake alimfuata. Mbuzi alikula majani ya mgomba."

Kisha mtoto aulizwe: Nani alimfuata mama? Mbuzi alikula nini? Swali ni la lazima. Katika nyumba ambamo Kichagga ndicho kinachozungumzwa zaidi, mtoto aweza kutamka maneno ya Kiswahili vizuri asijue maana yake. Kutamka bila kuelewa si kusoma.

Kila mtoto apimwe peke yake, kwa upole, mbali na masikio ya wenzake. Asiyeweza kusoma silabi nane katika kumi awekwe kundi la silabi. Anayeziweza silabi akashindwa maneno awekwe kundi la maneno. Na kuendelea hivyo. Makundi yafuate uwezo, yasifuate darasa. Mtoto wa darasa la nne asiyejua silabi hukaa pamoja na wa darasa la pili wenye shida hiyo hiyo. Mkubwa huyo asifanyiwe mzaha, kwani fedheha hufukuza watoto kuliko ugumu wa masomo.

NJIA YA KUFUNDISHA

Kiswahili kina bahati kubwa katika jambo hili. Irabu zake ni tano tu, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika. Maneno mengi hugawanyika katika silabi zilizo wazi, na yanavyotamkwa ndivyo yanavyoandikwa. Mtoto aliyezishika silabi ameushika ufunguo wa maneno yote. Kwa hiyo afundishwe kwanza irabu a, e, i, o, u. Kisha konsonanti chache zikiunganishwa na irabu hizo. Kisha maneno yanayotokana na silabi alizozijua. Herufi ifundishwe kwa sauti yake. Mtoto anayejua jina la herufi tu hushindwa kuiunganisha na nyingine.

Ngazi zifuatazo, zilizotolewa katika kazi ya kahawa, zaonyesha jinsi ugumu unavyoongezwa kidogo kidogo:

(a) Kahawa: ka-ha-wa. Kila silabi ni konsonanti moja na irabu moja, na irabu ni ile ile. Hili ni neno la mwanzo.

(b) Kilo, gunia: irabu zinabadilika ndani ya neno, na katika gu-ni-a irabu inasimama peke yake.

(c) Kihamba: ki-ha-mba. Hapa silabi ya mwisho ina konsonanti mbili. Ndipo mahali pa kufundisha mba, nda, nga, nja na nza.

(d) Mzani: m-za-ni. Herufi m ni silabi kamili bila irabu. Watoto wengi huongeza irabu wakasoma "muzani".

(e) Ng'ombe, mbwa, chanjo, nyanya: silabi zenye ng', mbw, ch na ny.

(f) Stakabadhi: neno refu lenye konsonanti mbili mwanzoni na dh mwishoni. Mtoto anayelisoma neno hili bila kusaidiwa yu karibu kumaliza safari.

Mtu wa kujitolea atakutana mara kwa mara na watoto wanaochanganya b na d, m na n, au l na r. Asiwakaripie. Aandike herufi mbili hizo kando kwa kando, azitamke, kisha mtoto aziandike mwenyewe kwa kidole mchangani au kwa chaki sakafuni. Mkono husaidia jicho kukumbuka.

Saa moja yatosha kwa siku, na yaweza kugawanywa hivi: dakika 10 mtu wa kujitolea huwasomea watoto hadithi kwa sauti, ili wajue kwamba kitabu kina utamu, dakika 20 ni za silabi na maneno, dakika 15 ni za kuandika, na dakika 15 za mwisho kila mtoto husoma peke yake akisikilizwa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo kiini cha kazi yote, kwani ndiyo mwalimu wa darasa kubwa anayoikosa. Kwa sababu hiyo kundi lisizidi watoto kumi.

Iwapo mtoto anasogeza kitabu karibu mno na macho, au haitikii anapoitwa kutoka nyuma, mzazi aambiwe ampeleke zahanati kabla ya kumlaumu kwa uzito wa kichwa. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina idara ya macho.

MFANO WA INDIA

Asasi ya Pratham ya India, ambayo upimaji wake wa nyumba kwa nyumba ulioanza mwaka 2005 ndio ulioigwa na Uwezo, iliendesha madarasa ya kusoma katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, kwa kuwatumia vijana wa kujitolea waliopewa mafunzo ya siku chache. Watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walichunguza matokeo. Watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa. Lakini waliohudhuria hawakufika hata mmoja katika kila kumi wa watoto wa vijiji hivyo. Baadaye kazi hiyo iliingizwa shuleni, kwa saa maalumu, watoto wakigawanywa kwa uwezo, na ndipo ilipowafikia walio wengi.

Fundisho kwa vyama liko wazi. Wema wa watu wa kujitolea hautoshi. Darasa lililo mbali na shule, lisilojulikana na mwalimu mkuu, huhudhuriwa na watoto wachache, na mara nyingi wanaokosa ndio wanaohitaji zaidi. Kazi hii ifanyike katika eneo la shule, mara baada ya vipindi, kwa ratiba aliyoikubali mwalimu mkuu.

WAJIBU WA CHAMA

Chama kinachotaka kuanza kifuate utaratibu huu:

1. Halmashauri ya chama izungumze kwanza na mwalimu mkuu, Kamati ya Shule na Serikali ya Kijiji. Watu wa kujitolea ni wasaidizi wa mwalimu. Hawaji kumkagua wala kuchukua nafasi yake.

2. Matumizi yoyote ya fedha za chama yaingizwe katika makisio na kupitishwa na Mkutano Mkuu wa wanachama. Fedha ya mwanachama haitumiki kwa hisani ya viongozi, hata kama jambo lenyewe ni jema. Mahitaji si makubwa: chaki, karatasi, kalamu, ubao mdogo na vitabu vichache vya hadithi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ni miongoni mwa waliosaidia kutoa vitabu vya Kiswahili kwa watoto.

3. Watu wa kujitolea wachaguliwe kwa uangalifu. Walimu waliostaafu wafaa sana kuwa wasimamizi. Vijana waliomaliza kidato cha nne huwa na nafasi baada ya mtihani wa Novemba hadi kidato cha tano kinapoanza mwezi Julai. Kila mmoja ajulikane kwa Serikali ya Kijiji na kwa mwalimu mkuu.

4. Usalama wa mtoto utangulie. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya madhara ya kila namna. Watu wazima wawe wawili au zaidi, mahali pawe wazi, na mtoto asibaki peke yake na mtu mmoja. Viboko visitumike. Watoto waondoke mapema ili wafike nyumbani kabla ya giza, hasa nyakati za masika, mapito ya mlimani yanapoteleza.

5. Ghala la chama lisigeuzwe darasa ikiwa lina mrututu au dawa nyingine za kunyunyizia kahawa. Dawa hizo ni hatari kwa mtoto.

6. Mzazi asitozwe chochote. Ada ndogo ikianza, mtoto wa maskini ndiye wa kwanza kubaki nyumbani, naye ndiye aliyekusudiwa.

7. Mtoto asitumwe kuchuma kahawa kama malipo ya kufundishwa. Kazi ya shambani na kisomo visichanganywe.

DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu wa chama, aliyezoea vitabu vya hesabu, aweza kutoa msaada mkubwa hapa kuliko fedha. Afungue daftari lenye safu tano: jina la mtoto, darasa lake, kiwango alichoanza nacho, mahudhurio, na kiwango cha kila upimaji. Watoto wapimwe tena kila baada ya wiki nane kwa karatasi mpya. Daftari litaonyesha mambo mawili bila kuficha: nani anasonga mbele, na nani amekwama. Aliyekwama asilaumiwe kwanza. Huenda amewekwa kundi lisilo lake, au anakosa siku nyingi kwa kuchota maji au kulea mdogo wake. Hapo ni juu ya viongozi kuzungumza na wazazi.

Matokeo yasomwe katika Mkutano Mkuu kwa hesabu ya makundi, bila kutaja majina ya watoto. Wanachama waambiwe: walioanza katika silabi walikuwa wangapi, na wangapi sasa wanasoma hadithi. Iwapo hesabu haikubadilika, mkutano uulize sababu, kama unavyouliza kahawa inapopungua uzito ghalani. Mtoto anayesoma hadithi na kujibu maswali aondolewe kundini, arudi kwa mwalimu wake, na nafasi yake ipewe mwingine.

NYUMBANI

Mzazi asiyejua kusoma hana sababu ya kukaa kando. Aweza kumwambia mtoto amsomee kila jioni, muda wa kuchemsha chai, na kumuuliza maana ya alichosoma. Mtoto aliyefikia ngazi ya maneno apewe stakabadhi ya kahawa aisome: jina la chama, tarehe, kilo, bei. Kwa njia hiyo kisomo humnufaisha babu na mjukuu kwa pamoja, na mwanachama aliyekuwa akikunja stakabadhi na kuitia mfukoni bila kujua ilichosema hupata msomaji wake mwenyewe.

HITIMISHO

Wakati mzuri wa kuanza katika miteremko ya Kilimanjaro ni mwanzoni mwa mwaka, kahawa nyingi ikiwa imekwisha kuchumwa, shule zimefunguliwa, na vijana wa kidato cha nne wako nyumbani. Chama kisianze na watoto mia. Kianze na makundi mawili, kipime, kiandike, kirekebishe, kisha kiongeze. Watu wawili wanaokuja siku tatu kila wiki kwa miezi sita wana thamani kuliko ishirini wanaokuja siku ya uzinduzi na kutoweka.

Makatibu wa vyama wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho cha Halmashauri, na kabla ya kikao hicho wamtembelee mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kumuuliza swali moja tu: watoto wangapi wa darasa la tatu bado hawajui kusoma? Jibu lake liandikwe katika muhtasari.